TAHADHARI: Mnaotafuta mapagale ya kumalizia Mbeya, hasa Uyole, Isyesye na Itezi

Ndugu zangu, someni hili kabla hamjatoa hata shilingi.

Mwaka jana dalali alinipeleka kuona pagale la vyumba vitatu, tofali za kuchoma, limefika lenta. "Wewe ni kupaua tu na kuhamia." Muuzaji alikuwa na nakala ya barua ya toleo, ile ya kumilikishwa kiwanja. Jina la ukoo lilikuwa lake, la kwanza halikuwa. Akasema ni jina la ubatizo. Ilikuwa Jumamosi jioni, ofisi ya mtaa imefungwa, na eti kuna mtu wa Tunduma anakuja na hela taslimu Jumatatu. Nikalipa milioni 11.

Kwenye jamvi la baraza kulikuwa na herufi mbili zimechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na mwaka 2016. Nikaona zinafanana na jina la kwenye barua, moyo ukatulia. Kumbe ni herufi za marehemu baba wa muuzaji. Ujenzi ulisimama kwa sababu mwenye nyumba alifariki.

Nimeshaleta mbao za Mafinga, nimepaua, mafundi wameanza plasta, ndipo dada wawili wa muuzaji wakaja na cheti cha kifo. Hawakunitukana. Mkubwa alishika nguzo ya baraza akalia, akasema baba alikuwa anawapitia shule waje kumwagilia msingi maji. Sikuwa na la kujibu.

Mahakama haikuwa imeteua msimamizi wa mirathi, na bila usimamizi huo mtoto hana mamlaka ya kuuza, hata awe kifungua mimba. Sasa tupo Baraza la Ardhi na Nyumba, sina ruhusa ya kupiga hata msumari.

Wiki hii mwenzangu kazini kaonyeshwa pagale lingine Itezi na dalali huyohuyo. Maneno yaleyale, mtu wa Tunduma yuleyule! Mkisikia hivyo ondokeni. Waulizeni majirani pagale limesimama kwa nini, na mwende bila dalali. Jina la kwenye karatasi likiwa la marehemu, dai barua ya usimamizi wa mirathi, kisha nenda mahakama iliyoitoa ukaihakiki mwenyewe. Kama kuna hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani wakuangalizie kwenye kumbukumbu zao mmiliki ni nani. Ni hela ndogo sana mbele ya bei ya bati.

Mwenzangu nimemwahi. Kama kuna mwingine keshalipa, anitumie ujumbe twende polisi pamoja.