Keki ya siku ya kuzaliwa nyumbani: Mombasa, ununue oveni gani?

Vifaa vyote hapa nimevipanga kwa kipimo kimoja: keki ya robo. Robo kilo ya unga wa ngano, robo ya sukari, robo ya siagi au majarini, mayai matano, vijiko viwili vya chai vya baking powder, iliki ya kusaga na ganda la limau lililoparuzwa. Yai moja bila ganda lina kama gramu 50, kwa hiyo matano nayo ni robo. Ndiyo maana keki hii haihitaji kuandikwa mahali. Inaingia kwenye chombo cha duara cha inchi 9 na kuokwa kwa nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, dakika 40 hadi 50. Inatosha nyumba yenye watoto, shangazi na jirani aliyesikia harufu. Kifaa kisichoweza kuitoa keki hii ikiwa imeiva katikati na haijaungua juu, kwangu hakina nafasi ya juu, hata kiwe na taa ngapi.

Ya kwanza: oveni ndogo ya umeme ya mezani

Kwa familia nyingi za mjini, hii ndiyo ya kununua. Lakini si kila ukubwa. Zile za lita 10 au 12 ni za kuchomea mkate na kupashia sambusa. Chombo cha inchi 9 kikiingia, kinagusana na kuta, na keki ikiumuka inakaribia koili ya juu na kuungua kabla ya ndani kushika. Tafuta ya lita 30 au zaidi kidogo. Nenda dukani na chombo chako cha kuokea mkononi, ukiingize, ufunge mlango, uangalie: pembeni hewa ipite, na juu ibaki nafasi ya kiganja kizima. Muuzaji atakuambia, "Dada, hiyo inaingia tu." Wewe ingiza.

Angalia swichi zake. Oveni nzuri ina koili juu na chini, na unaweza kuchagua ya chini peke yake, ya juu peke yake, au zote mbili. Ukiikosa hiyo, keki itakuwa inapigwa moto juu muda wote na hutakuwa na la kufanya ila kuifunika kwa karatasi ya alumini. Feni ya ndani ni nyongeza nzuri, ila si ya lazima. Ukiwa nayo, punguza joto kwa nyuzi 20 hivi. Kitufe cha saa kiwe na sehemu ya kuacha oveni iwake bila kuhesabu, kwa sababu saa za kuzungusha za bei nafuu mara nyingine hulia "ting" mapema kuliko ilivyoandikwa.

Umeme unawatia watu hofu kuliko unavyostahili. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula uniti moja na nusu. Kwa kweli haifiki hapo, maana joto likishafika koili hujizima na kuwaka tena. Chukua bei ya uniti kwenye ujumbe wako wa tokeni, uzidishe mwenyewe. La kuhofia ni waya: oveni kama hiyo huvuta ampea 6 na ushee, na ukiichomeka kwenye waya mwembamba wa kuunganishia pamoja na birika na pasi, waya ndio utakaookwa. Ipe soketi yake ya ukutani.

Halafu kuna chumvi ya bahari. Hapa Mombasa bati lililopakwa rangi nyembamba hushika kutu haraka, hasa nyumba za upande wa upepo. Chagua treya za enameli au chuma kisichoshika kutu, na kila ukimaliza kuoka uache mlango wazi mpaka ndani pakauke. Oveni iliyofungwa na mvuke wake haichukui muda kuanza kuchakaa kwenye bawaba.

Na hapo hapo nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni za bei ya chini zaweza kupishana na joto halisi kwa nyuzi 20 au zaidi, na keki nyingi zinazobonyea katikati zimeonewa kwa kusingiziwa mayai. Kama pesa inatosha oveni nzuri kidogo au oveni ya kawaida pamoja na kipimajoto, chukua ya pili.

Ya pili: usinunue kitu, palia makaa

Wapo watakaoshangaa kuona makaa nimeyapa nafasi ya juu kuliko jiko kubwa la gesi. Lakini kama unaoka mara mbili kwa mwaka, ya nini kujaza jikoni? Mkate wa mayai na mkate wa kumimina umepikwa pwani hii kwa moto wa chini na juu tangu kabla ya oveni kuingia madukani, na keki ya robo inafuata njia ile ile.

Unachohitaji ni sufuria pana, nzito, yenye mfuniko bapa. Isiwe ile iliyopakwa dawa ya kutogandisha chakula, kwa sababu ikipashwa tupu hutoa moshi mbaya. Tandaza mchanga mkavu au chumvi ya mawe chini, pasha kama dakika 15, kisha weka chombo cha keki juu yake. Funika. Makaa machache yabaki jikoni, mengi yaende juu ya mfuniko: fikiria fungu moja chini, mawili juu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaacha moto mkali chini, keki inapata ukoko mweusi huku juu ikiwa uji. Usifunue nusu saa ya kwanza. Baadaye chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Kama unataka kutumia pesa kidogo hapa, mafundi wa jua kali hutengeneza masanduku ya bati ya kuweka juu ya jiko la makaa, yenye mlango na rafu. Kabla ya kulipa, angalia mlango unafunga bila kuacha mwanya na bati si jepesi la kupinda kwa kidole. Mengine hayana nafasi ya kuweka makaa juu, hayo yaache.

Kazi yote hii ni ya uani. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mvua ya masika si sababu ya kuingiza jiko ukumbini.

Ya tatu: jiko la kusimama lenye oveni

Lina heshima yake, na kwa anayepika biriani ya watu wengi kila Ijumaa ni kitu kimoja kinachofanya kazi mbili. Kwa keki peke yake halistahili bei yake. Mengi ya bei ya kati yana moto wa gesi chini tu, bila kidhibiti joto cha kuaminika, na juu kuna koili ya kubanikia. Ukilipenda, uliza mambo mawili: je, moto ukizimika, oveni inajifunga gesi yenyewe? Na oveni ni ya gesi au ya umeme? Ya umeme huoka kwa utulivu zaidi. Kama umezoea mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, jiandae kwa gharama ya mtungi wa kilo 13 na rejeleta yake.

Pima ngazi kabla ya kupima jikoni. Kwenye nyumba za Mji wa Kale ngazi hupinda pale pale pembamba, na wabeba mizigo hawarudishi pesa kwa sababu jiko limekwama ghorofa ya kwanza. Anayekaa Likoni naye aongeze bei ya mkokoteni na subira ya feri.

Air fryer na maikrowevu

Air fryer huoka, lakini keki ndogo. Moto na feni viko juu, kwa hiyo uso hukauka haraka; tumia chombo cha inchi 6 au 7, nusu ya kipimo, nyuzi 150 hadi 160. Kama tayari unayo, itumie. Usiinunue kwa ajili ya keki.

Maikrowevu ya kawaida hupasha maji yaliyomo kwenye chakula na haiwezi kuipa keki rangi wala ukoko. Ziko zenye koili na feni ndani zinazooka kweli, ila kwa bei hiyo rudi kwenye nafasi ya kwanza.

Kuhusu pambo: kabla hujanunua mashine ya krimu, kumbuka siagi huanza kulegea mapema, na inayeyuka karibu na joto la mchana wa Februari hapa kwetu. Sukari ya unga iliyochanganywa na maji ya limau hukaa vizuri zaidi. Baking powder nayo nunua kopo dogo, kwani unyevu huiua. Tia kijiko kwenye maji ya moto, isipotoa povu itupe.

Oveni mpya iwashe tupu kwa dakika 20, madirisha wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue. Fanya hivyo wiki moja kabla ya sherehe, risiti ikiwa bado karibu, maana koili mbovu hujulikana siku hiyo ya kwanza.