Antena ya dola 30 imeshinda kebo na dishi, nimejionea

Miaka sita nimelipia kebo hapa Brooklyn Park, Minnesota, nikijua HD ni HD tu, ukishalipa umemaliza. Januari bili ikapanda tena, nikakasirika nikaenda kununua antena ya dola 30, ile bapa kama karatasi ya kubandika dirishani, nikachomeka nyuma ya TV nikaiambia itafute chaneli. Jameni. Nilidhani nimebadilishiwa TV.

Kipimo changu ni ile mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ya Jumamosi saa tano na nusu asubuhi kwa saa za huku, inayokuwa NBC, mtandao wa televisheni wa Marekani, kwa hivyo iko kwa kebo, iko kwa dishi na iko hewani bure kupitia KARE 11, stesheni ya NBC ya huku kwetu. Kwa kebo nyasi zilikuwa kama zulia lililolowa maji, kamera ikimfuata winga kila kitu ukungu, jina mgongoni husomi. Kwa antena naona mpaka mistari ya mashine ya kukata nyasi, wavu ukitikisika unahesabu matundu, na TV ni ileile, kochi ni lilelile.

Si uchawi. Stesheni inarusha hewani megabiti 19.39 kwa sekunde, kutoka minara ya Shoreview moja kwa moja hadi kwangu. Kampuni ya kebo inachukua picha hiyohiyo inaibana upya ndio mamia ya chaneli pamoja na intaneti vitoshee kwa waya mmoja, na kuna kampuni zinazochukua picha ya mistari 1080 (1080i) zikaishusha iwe ya mistari 720 (720p) na bei haishuki hata senti. Ni kama kupewa chai ya majani yaliyochemshwa jana.

Dishi liko kwa shemeji, nimeenda huko Jumamosi mbili kuangalia. Liko katikati, rangi safi kuliko kebo yangu lakini kamera ikienda kwa mashabiki nyuso zinageuka viraba, maana nao wanabana. Halafu theluji! Ile nzito yenye maji ikishika kwa dishi picha inapotea, na shemeji anatoka na ufagio akiwa na ndara. Tena yeye anaona goli sekunde kadhaa baada yangu, na msiseme ni umbali, kupanda kilomita elfu 36 mpaka kwa setilaiti na kurudi hakumalizi sekunde, inayokula muda ni huko kubana na kubanua. Amenikataza kumpigia simu wakati wa mechi.

Lakini usikimbie dukani bado. Mimi niliiweka kwanza dirisha la jikoni linaloangalia magharibi, nikapata chaneli tatu zinazokatikakatika, kuihamisha upande wa mashariki kuliko na minara ndio zikajaa. Na hii dijitali haina chenga za kuvumilia kama zamani nyumbani, mmoja juu ya mabati anazungusha mlingoti na mwingine ndani anapiga kelele "hapo hapo, aah umepitisha!", hii ni picha ipo au haipo. Pia zile megabiti 19 stesheni inazigawa na vichaneli vyake vidogo vya sinema za kale, wakivijaza vingi chaneli kubwa inaumia na utaona. ABC na Fox, mitandao mingine ya bure hewani, wao hurusha 720p, kwenye karatasi ni ndogo lakini ni picha nzima 60 kwa sekunde, mpira ukienda kasi haichanikichaniki, mimi sina shida nayo.

Shida yangu ni kwamba mechi nyingi za ligi ziko USA Network, chaneli ya kebo na dishi, na hiyo hewani haipo kabisa, hata ukipanda juu ya paa. Kebo nimekata, nimebaki na intaneti peke yake. Mechi ikiwa huko naenda kwa shemeji, na tumekubaliana theluji ikianguka ufagio ni wangu.