Darasa la historia Ngamiani: Wayahudi wa Ulaya, 1492 hadi 1791

Kwa mkazi wa Tanga anayetaka kusoma historia bila kufikiria mtihani, darasa la jioni linaloendeshwa Ngamiani linastahili ada yake ya shilingi 10,000 kwa mwezi, ingawa mpangilio wa vipindi vyake una dosari. Muhula huu unahusu maisha ya Wayahudi wa Ulaya, tangu walipofukuzwa Hispania mwaka 1492 hadi Ufaransa ilipowapa haki za uraia mwaka 1791.

Ubora wa darasa hili ni kwamba mwalimu hakuzigeuza karne hizo kuwa orodha ya mateso. Alieleza jinsi watawala wa Venice walivyoamuru mwaka 1516 kwamba Wayahudi wakae katika eneo moja ambalo malango yake yalifungwa usiku, tena wao wenyewe wakiwalipa walinzi. Lakini papo hapo akaonyesha kwamba katika mji huohuo Mkristo mmoja mwenye matbaa, Daniel Bomberg, ndiye aliyechapa Talmud, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi na mijadala ya marabi, ikiwa kamili kwa mara ya kwanza, kati ya mwaka 1520 na 1523. Tulipewa fotokopi ya ukurasa wenye mpangilio huo: matini katikati, ufafanuzi wa Rashi, mwanazuoni Myahudi wa Ufaransa wa karne ya 11, ubavuni upande mmoja, na wa wanazuoni waliomfuata upande wa pili. Wenzetu waliopitia vitabu vya fikihi vyenye hashia pembezoni waliuelewa ukurasa kabla haujaelezwa, na mjadala uliofuata, kuhusu nani hupata mamlaka ya kufasiri sheria pale kitabu kinapoweza kununuliwa na wengi, ulikuwa bora kuliko mihadhara mingi niliyowahi kuilipia. Mwaka 1553 kitabu hichohicho kilichomwa hadharani Roma, jambo linalodhihirisha jinsi matbaa ilivyowatia hofu wakuu wa Kanisa.

Kipindi cha Amsterdam, pamoja na kutengwa kwa mwanafalsafa Spinoza na jumuiya yake ya Kiyahudi mwaka 1656, kilitosha. Glückel wa Hameln, mjane mfanyabiashara aliyeanza kuandika kumbukumbu zake kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wengi wa Ulaya, mwaka 1691, alistahili jioni nzima. Alipewa dakika chache tu.

Malalamiko yangu makubwa ni Poland. Huko ndiko waliko­ishi Wayahudi wengi kuliko kwingine Ulaya, wakiwa na Baraza la Nchi Nne lililogawa mzigo wa kodi baina ya jumuiya zao hadi lilipovunjwa mwaka 1764, na huko ndiko yalikotokea mauaji ya halaiki ya mwaka 1648. Yote hayo yalibanwa katika kipindi kimoja, tena kwa kutumia ramani iliyofifia kiasi kwamba Kraków haikusomeka.

Chumba kina hewa ya kutosha, ila viti vya nyuma havisikii vizuri pikipiki zinapopita. Fotokopi hutolewa mwanzoni mwa kipindi tu, na anayechelewa hujitafutia yake kwa gharama zake.