Kikopo kisicho na jina

Sitaandika juu ya majengo wala foleni, kwa kuwa kila aliyewahi kutibiwa katika hospitali ile anayajua. Naandika juu ya kikopo kimoja cha plastiki.

Masika yalipoanza fizi zangu zilivuja damu mfululizo, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilishuka hadi 9,000 wakati mtu mzima hatarajiwi kuwa chini ya 150,000. Virusi vya Ukimwi na upungufu wa vitamini B12 vilipopimwa na kuondolewa, daktari alisema imebaki kutoboa mfupa wa nyonga. Ganzi hutuliza ngozi na juu ya mfupa tu. Uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, ulipovutwa nilihisi mguu mzima unanyonywa kwa ndani. Nilivumilia, maana kile kipande cha mfupa, chembamba kama njiti ya kiberiti, kilichotiwa kwenye kikopo ndicho kingeonyesha iwapo uboho umekauka au ni saratani ya damu, na matibabu ya maradhi hayo mawili hayafanani.

Karibu wiki mbili baadaye, dada wa dirisha la maabara aliniambia, macho yakiwa kwenye simu: "Mama, kikopo chako hakina jina, hatukukipokea." Wino ulikuwa umefutwa na dawa ya kuhifadhia. Nikauliza nifanyeje. "Katoboe tena." Katoboe! Utadhani nilikwenda kutoga masikio.

Niliapa kumwonya kila mtu asikanyage pale. Hata hivyo, sina budi kusema kwamba daktari yule alishuka mwenyewe, akaniomba radhi, akanitoboa upya bila kunitoza hata senti, akaandika jina langu kwa penseli na kukipeleka kikopo kwa mkono wake. Majibu yalitoka upesi: anemia ya aplastiki, yaani uboho uliokauka, tena kali, chembe hai za uboho zikiwa hazifiki asilimia 10 na pengine pote mafuta matupu. Wadogo zangu wawili walipimwa ili wanichangie uboho, hakuna aliyelingana nami, hivyo natumia siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

Kwa daktari huyo ningewatuma hata wazazi wangu. Lakini nikikumbuka kwamba siku zote zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria zilikuwa chini ya 500, na kwamba homa moja tu ingeniua nikingojea kikopo kilichosahauliwa rafuni, sifa zote zinanikwama kooni, na yule dada hajasema samahani mpaka leo.

Jumanne narudi, kwa sababu kiwango cha siklosporini hupimwa asubuhi kabla ya kumeza dozi, na damu yangu itapita dirisha lile lile. Nimenunua penseli.