Nikon Z8 au Canon EOS R5 Mark II: ipi itangulie?

Kwa mpiga picha anayekula kwa kazi hiyo, naiweka Nikon Z8 nafasi ya kwanza na Canon EOS R5 Mark II nafasi ya pili, ingawa katika ufundi mtupu Canon inaishinda mwenzake kwa mambo kadhaa.

Zote mbili ni kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), zina sensa ya fremu kamili, yaani yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, ya megapikseli 45 hivi, na hurekodi video ya 8K kwa fremu 60 kwa sekunde. Bibi harusi hatajua albamu yake imetoka kwenye ipi.

Z8 ilitoka mwaka 2023 kwa takriban dola 4,000 za Marekani, na R5 Mark II mwaka 2024 kwa takriban dola 4,300. Pengo hilo ni dogo. Kubwa liko kwenye lenzi. Anayefuata wanyama mbugani atapata lenzi ya Nikon ya kuvuta mbali, Nikkor Z 180-600mm, iliyozinduliwa kwa dola 1,700 hivi, wakati RF 100-500mm ya Canon ilianza kwa dola 2,700 na haifiki mbali hivyo. Canon wana pia RF 200-800mm ya bei nafuu kuliko hiyo 100-500mm, lakini ikivutwa hadi mwisho tundu lake halizidi f/9, yaani ni jembamba na hupitisha mwanga kidogo, na alfajiri, saa ambayo simba bado wanatembea, mwanga huo hautoshi.

Canon inapata haki yake kwenye kasi: inapiga picha 30 ghafi (RAW, zenye data yote ya sensa) kwa sekunde dhidi ya 20 za Z8, na inaweza kuhifadhi picha ghafi za nusu sekunde kabla hujabonyeza kitufe, jambo ambalo Z8 hulifanya kwa picha zilizobanwa za JPEG pekee. Pia ina gramu 746 dhidi ya 910, tofauti ambayo shingo huihisi kabla sherehe haijafika kwenye keki.

Bajeti ya yoyote kati ya hizi iwe na betri za akiba na kadi ya kumbukumbu yenye kasi, CFexpress Aina ya B, kwa kuwa kadi ya kawaida ya SD hulemewa na kasi hiyo.

Mpangilio wangu unageuka kwa mtu mmoja tu: mwenye kabati la lenzi za EF, zile za kamera za Canon za zamani zenye kioo. Kwa adapta ya Canon zitafanya kazi zote kikamilifu, ilhali adapta ya Nikon haiendeshi fokasi ya lenzi za zamani za Nikon za AF-D, ambazo hazina mota yake ndani.