Video nyingi kwenye skrini moja: uchukue programu ipi, na pesa ziende wapi

Unataka video nne, sita au tisa zicheze pamoja kwenye skrini moja, kila moja na chumba chake (sehemu yake ya skrini), zikijirudia bila mtu kugusa kipanya. Ukianza kutafuta utakutana na programu za kulipia za kupanga "ukuta wa video". Zipite kwanza. Niliwahi kulipia moja, kisha nikaja kugundua kwamba kazi niliyoinunulia inafanywa na mistari minne ya amri kwenye programu ya bure. Ndiyo maana orodha hii haina hata programu moja ya kulipia.

1. mpv

Ni programu ya kuchezea video. Ukiifungua utaona dirisha tupu na utadhani imeharibika, maana haina menyu za kupendeza. Nguvu yake iko kwenye amri. Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, chumba cha juu kushoto kinaandikwa hivi:

`mpv --no-border --no-keepaspect-window --loop-file=inf --mute=yes --geometry=960x540+0+0 moja.mp4`

Namba mbili za kwanza ni upana na kimo. Mbili za mwisho ni umbali kutoka kushoto na kutoka juu. Chumba cha pili kinakuwa +960+0, cha tatu +0+540, cha nne +960+540. Weka mistari yote kwenye faili moja la skripti. Kwenye Linux na Mac, malizia kila mstari kwa alama ya &, la sivyo video ya pili itasubiri ya kwanza iishe, nayo haiishi kamwe.

Usiliache nje neno --no-keepaspect-window. Bila hilo, dirisha linafuata umbo la video, na video moja tu iliyorekodiwa kwa simu iliyosimama wima inatosha kuharibu mpangilio wote. Likiwepo, dirisha linabaki na vipimo ulivyoliwekea na video inajazwa weusi pembeni.

Kwenye kujirudia, mpv huruka tu kurudi mwanzo wa faili, kwa hiyo mahali pa kuungana hapaonekani sana. Inapokea pia skripti za lugha za Lua na JavaScript kwa anayetaka kubadilisha video kwa saa au kwa kitufe. Kasoro yake kubwa utaikuta kwenye Linux inayotumia Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha: huko programu hairuhusiwi kujichagulia mahali pa kukaa, hivyo zile namba za mwisho hazifanyi kazi. Ingia kwa X11, mfumo wa zamani unaoruhusu hilo, au upange madirisha kwa kanuni za mfumo wenyewe.

2. FFmpeg

Hii utaitumia kuunganisha, si kuchezea. Kichujio chake cha xstack kinazibandika video zote kuwa faili moja, kisha faili hilo unalichezesha kwa programu yoyote. Faida yake ni kwamba video haziwezi kupishana hata zikicheza siku nzima, jambo ambalo madirisha manne yaliyo huru hayakuhakikishii. Nayo kompyuta inafungua faili moja badala ya manne.

Angalia urefu, lakini. Video za sekunde 8, 10 na 12 zitakutana tena mwanzoni baada ya sekunde 120, kwa hiyo faili la pamoja lazima liwe la sekunde 120, la sivyo kuna itakayokatwa katikati. Na ukitaka kubadilisha video moja tu, unaunganisha zote upya. Kama maudhui yako hayabadiliki, ningeipandisha hii iwe ya kwanza.

3. QuickTime Player

Ni ya wenye Mac, ambao tayari wanayo. AppleScript, lugha ya amri ya Mac, inaiamuru vizuri: looping kwa kujirudia, bounds kwa mahali pa dirisha. Wengi hukwama kwenye bounds kwa sababu namba zake nne ni kingo (kushoto, juu, kulia, chini), si upana na kimo. Faili za MKV haifungui.

4. VLC

Najua wengi mnayo tayari. Inacheza karibu kila kitu, lakini kwa kazi hii naiweka mwisho: video inaporudi mwanzo mara nyingi unaona weusi wa kupepesa, na vyumba tisa vikipepesa kila kimoja kwa wakati wake, macho yanachoka. Ina sehemu yake ya mosaic, ya kupanga video nyingi pamoja, ila kuisanidi ni safari ndefu.

Sasa pesa

Kinachonunuliwa hapa ni kompyuta, hasa uwezo wa kadi ya grafiki kufungua video bila kuitwisha prosesa mzigo. Kwenye mpv unauwasha kwa --hwdec=auto. Ikiwa faili zako ni za AV1, mojawapo ya mifumo ya kubana video, hakikisha chipu inaufungua mfumo huo yenyewe: kwa NVIDIA ni kuanzia RTX 30, kwa Apple ni kuanzia M3. Kwa H.264, mfumo mwingine wa kubana video, karibu kompyuta yoyote ya miaka ya karibuni inatosha.

Ila kabla hujanunua, punguza vipimo vya video kwanza. Chumba cha 960 kwa 540 hakiwezi kuonyesha zaidi ya pikseli zake, na ukikipa video ya 3840 kwa 2160 kompyuta inafungua pikseli mara 16 ya zinazoonekana. Zipunguze zote kwa FFmpeg, ziache zicheze usiku kucha kwenye mashine uliyonayo, asubuhi uangalie kama bado zinakwenda.