Treni ya SGR Dar–Dodoma: uzoefu wangu baada ya kuhamia makao makuu

Mwaka 2022 nilipata kazi Dodoma nikaikataa. Mshahara ulikuwa mzuri, lakini mama yuko Tabata, Dar, peke yake, na njia ile naijua tangu nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): basi la alfajiri, Chalinze, Msamvu, Gairo, Kibaigwa, masaa nane hadi tisa, na lori likikwama njiani ndiyo mnalala huko huko. Ukienda kumwona mzazi Jumamosi, Jumapili asubuhi uko njiani tena. Wengi niliomaliza nao chuo walikataa Dodoma kwa sababu hiyo hiyo. Watu wanadhani vijana tunaipenda Dar kwa ajili ya starehe. Hapana, tulikuwa tunaogopa kukatika na watu wetu.

Nafasi nyingine ilipotokea mwishoni mwa 2024 sikuomba hata siku ya kufikiri. Treni ya umeme ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilikuwa imeanza kubeba abiria wa Dar–Morogoro tarehe 14 Juni, ikafika Dodoma 25 Julai, na Rais Samia akaizindua rasmi 1 Agosti.

Tiketi nakata kwa simu: unapata namba ya malipo, unalipa, basi. Daraja la kawaida lilianza kwa sh. 31,000 mpaka Dodoma na 13,000 mpaka Morogoro. Kata mapema ukitaka Ijumaa jioni au Jumapili. Mimi huwa nakata wiki nzima kabla. Beba kitambulisho chenye jina lile lile la kwenye tiketi, na usije dakika za mwisho, maana mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege.

Safari yenyewe inachukua kama masaa manne, na treni za haraka ni pungufu ya hapo. Ukitoka Dar kaa upande wa kushoto, uone Milima ya Uluguru mnapokaribia Morogoro. Mbele huko Kilosa mnaingia kwenye mahandaki, dirisha linakuwa jeusi ghafla na masikio yanaziba kidogo. Safari yangu ya kwanza nilikaa na mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa ameweka fimbo yake katikati ya magoti. Kioo cha mwendo kiliposoma 160 aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo ni nini?" Nikamwambia ndiyo kasi yetu kwa saa. Akaishika ile fimbo kwa vidole viwili tu, akaitazama inavyosimama bila kutikisika, akacheka peke yake mpaka Gulwe. Mimi nilikuwa na kompyuta mapajani, na ripoti niliyopaswa kuimaliza ofisini niliimalizia pale pale. Kwenye basi nisingesoma hata ujumbe wa simu.

Ninapoumia ni nikishashuka Dodoma. Usiku nikifika, bajaji mpaka Iyumbu ninapoishi nimewahi kulipa 10,000. Fikiria: zaidi ya kilomita 400 kwa 31,000, halafu vipande vichache vya mwisho vinakula theluthi ya nauli. Asubuhi kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, daladala inajaa mpaka mlangoni. Wenzangu wawili wamekopa magari ndani ya miezi sita ya kwanza, na sasa mkopo unawala mshahara ule ule uliowaleta. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu kazi kubwa imeshafanyika. Handaki limechongwa kwenye mwamba wa Kilosa. Basi la kusubiri treni ya usiku lipeleke watu Nzuguni, Kisasa na Iyumbu ni kazi ndogo sana mbele ya ile. Kijana anayeanza maisha anauliza kwanza: bila gari nitafikaje kazini, na nikitaka kwenda nyumbani nitafikaje? Dodoma swali la pili limeshapata jibu zuri kuliko nilivyowahi kutarajia.

Kwa hiyo ukiitwa kazini huku na kinachokuzuia ni umbali tu, njoo. Ila tafuta chumba karibu na njia ya daladala, hata kama kodi itapanda kidogo.

Nikiwa nasoma, mama alikuwa hapati usingizi mpaka nimpigie nimefika. Sasa Ijumaa nampigia tukiwa Pugu, naye ndiyo anabandika chai.